Kofia ya Pili ni ya Atakayekaa Nyuma

Baleni, baada ya alasiri

Riziki mwanangu,

Asalaam alaykum. Hali yangu unaijua, maana mchana tumekula pamoja na umeniona nikirudia mchuzi mara mbili, kwa hiyo sitajaza karatasi kukueleza kuwa mimi ni mzima. Wewe umekwenda Miburani kumuaga shangazi yako Mwanahamisi, na kwa ninavyomfahamu dada yangu hatakuachia mpaka uonje kila chungu. Nina nafasi ya kutosha. Ukirudi utanikuta nimelala, au nimejifanya nimelala, na juu ya kitanda chako utakuta maboksi mawili. Barua hii nitaiweka ndani ya kofia iliyomo kwenye boksi la juu. Isome kwanza, kofia utaijaribu baadaye.

Sitakuandikia habari za kula kwa wakati, wala za kuswali, wala za kuchagua watu wa kukaa nao. Hayo shangazi yako anakupa sasa hivi kwa sauti, na anayaweza kuliko mimi. Mimi nakuandikia habari za kofia ya pikipiki. Najua umeshaanza kucheka. Cheka sasa, maana huko mbele sijaandika cha kuchekesha.

Siku uliyoniambia kuwa umepangiwa kazi Tunduru, kwamba utakuwa bibi shamba na utapewa pikipiki ya kuzungukia vijiji, nilikupa hongera kisha nikaenda nyuma ya nyumba nikajifanya natazama mihogo. Ulidhani nimefurahi mpaka nimekosa la kusema. Nilifurahi, hilo ni kweli. Lakini nilikuwa na hofu pia, sikutaka uione. Nilipokuuliza habari ya kofia ukasema, "Baba, nitanunua hukohuko," nami nikasema sawa.

Mwezi uliopita nilikuaga nakwenda Dar es Salaam kuonana na mnunuzi wa nazi. Sikuonana na mnunuzi yeyote. Nilikwenda Kariakoo kukununulia kofia, na kipimo cha kichwa chako nilikuwa nacho mfukoni. Unakumbuka shangazi yako alivyokusuka hapa barazani, ukajifunga ushungi wako mwepesi, naye akakuzungushia utepe wa ukili wa mkeka juu ya nyusi mpaka kisogoni? Ukamuuliza, "Shangazi, umemaliza kunisuka nywele sasa unanisuka mkeka?" Alikuwa ametumwa. Nilimwambia apime juu ya ushungi, maana huwezi kwenda popote bila ushungi, akafunga fundo pale ncha zilipokutana. Ukili ule niliukunja kwenye leso nikavuka nao bahari.

Duka nililoelekezwa ni la mama mmoja wa makamo, mwembamba, ana kikohozi kisichomwisha, na kila kofia anayoiuza anaivaa kwanza mwenyewe. Akaushika ukili akautazama huku na huku.

"Mwenye kichwa hiki yuko hai?" akaniuliza.

"Yuko hai. Yuko Mafia, amesukwa juzi."

"Basi tumtafutie kitakachomweka hivyo hivyo."

Mimi nilikuwa nimeshaishika ile ya nusu, inayokaa utosini kama bakuli. Akaninyang'anya. Nikamweleza sababu yangu, naye hakunielewa mpaka nilipomfafanulia sisi ni watu wa namna gani. Nikamwambia kwetu mtu hapiti kimya. Ukifunika uso ukampita mtu mzima bila shikamoo, hujafika Kilindoni habari imeshafika kwenu kuwa umeota mapembe. Ndiyo maana wanaume wa kwetu kofia wanaitundika mkononi au kwenye kioo cha pikipiki, na wakiivaa wanaisukuma nyuma mpaka inakaa kisogoni. Ni watu wenye adabu sana, na wengi wana makovu. Binti yangu anakwenda kuishi ugenini, nikasema, atawapita wazee wa watu kila siku, sitaki wamwone mwenye kiburi kabla hawajamwona mwenye elimu.

Mama yule alicheka mpaka kikohozi kikamshika. Kisha akapanda kwenye kigoda akateremsha aina hii niliyokuletea. Chini ya kidevu ina kitufe chekundu. Ukikibonyeza, taya yote inapanda juu na uso unabaki wazi, unaamkia, unaitikia, unakunywa maji, na ushungi wako uko pale pale ulivyoufunga. Ukishaamkia unaiteremsha unaendelea na safari. Nilijisikia mjinga kuwa nimeishi miaka yote hii bila kujua kuwa kuna mtu alishaketi akatengeneza kitu cha kuwafaa watu wenye salamu nyingi.

Akaniambia ya kufunuka ni nzito kuliko ya kawaida, na yenye vifaa vya kusikilizia ndani ni nzito zaidi, kwa hiyo niivae nikae nayo. Nikakaa. Akaniagizia soda nikainywa nimeivaa, taya iko juu, watu wanapita nje wananitazama mtu mzima mwenye kanzu na kofia ya pikipiki. Ya kwanza iliniuma shingo kabla soda haijafika nusu. Ya pili ilikuwa nyepesi, lakini upande wa kushoto ulikuwa haukamati. Ukiifunga unasikia mlio mmoja badala ya miwili. Mama akasema hiyo hata kwa bure nisichukue, akaisukuma chini ya meza.

Ya tatu ndiyo yako. Inabana mashavu, na mwanzoni utaona inabana mno, lakini mama alisema sponji hulegea na kichwa hakikui. Ukiishika taya ukaitikisa, kichwa chote kinakwenda nayo, haizunguki peke yake. Ulimi wa kufungia ni wa chuma. Kila ukiifunga sikiliza milio miwili, wa kulia na wa kushoto, na kama ni mmoja shuka uifunge upya. Na aliniapisha nikuambie kuwa taya inafunuliwa ukiwa umesimama tu. Ukiendesha imefunuliwa, ni ile ile bakuli niliyotaka kukununulia kwa ushamba wangu.

Sasa vifaa vya ndani. Usawa wa masikio mna spika mbili nyembamba zilizozama kwenye sponji, na kwenye taya mna maiki ndogo kama punje ya choroko. Vimewekwa humo kiwandani, havikubandikwa kwa gundi, kwa hiyo barabara mbovu haitaving'oa. Unachaji kama unavyochaji simu. Pembeni kuna vitufe vitatu vyenye vinundu, unavijua kwa kupapasa bila kutazama.

"Unavitaka vya nini?" mama akaniuliza. "Wengine wanataka simu iwaelekeze njia, wengine muziki."

"Nataka aongee na mimi."

"Akiwa anaendesha?"

Nikageuka nikatazama barabarani. Ukweli, Riziki, ndivyo nilivyokuwa nimepanga. Nilikuwa nimeshaziona asubuhi zangu zote: nimekaa barazani na simu, wewe uko njiani kwenda kijiji fulani, nasikia upepo wako, nakuambia nilichopika, wewe unaniambia mikorosho ya watu imeshikwa na ugonjwa gani. Sijui nitafanya nini na asubuhi, ndiyo shida yangu. Jioni zina sala na redio na watu wa kahawa. Asubuhi ni ndefu mno kwa mtu mmoja. Ulipokuwa chuoni nilikuwa nakupigia hata siku za mitihani, ukinisikiliza na huku nasikia unafungua kurasa. Nilijua nakusumbua na sikukata. Nilikuwa nataka tu mtu aseme "ndiyo baba" upande wa pili.

Mama yule alikuwa bado ananitazama na kofia mkononi. Nami, sijui ni kwa kuwa hanijui wala hatanijua, nikamwambia jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu hapa kisiwani. Naona haya kwamba mgeni wa Kariakoo amelijua kabla yako. Nimekaa nalo tangu ulipokuwa darasa la tano, na kesho unaondoka, na siwezi kukuacha uende nalo hivi lilivyo.

Riziki, siku aliyoanguka mama yako hapakuwa na mbuzi aliyetukatiza njia.

Asubuhi ile mama yako Mwajuma alikuwa anakwenda Kilindoni na kitambaa cha kukushonea sare. Nikampakia. Alikaa upande, kama wanavyokaa wanawake wa hapa, kanga moja kaifunga kiunoni na nyingine kaitupia mabegani. Kofia ilikuwa moja na ilikuwa kichwani mwangu. Usidhani niliivaa kwa kukilinda kichwa. Niliivaa kwa kuwa ilikuwa inashika simu. Unaijua hii tabia yetu, mtu anachomeka simu kati ya sikio na kofia, mikono inabaki huru, anaendesha huku anaongea. Nilijiona mjanja kuliko wote walioshika simu mkononi. Kulikuwa na mnunuzi wa Dar es Salaam anataka nazi zangu, na mimi nazungusha maneno apandishe bei.

Tulipofika kwenye minazi ya kwa Mzee Mfaume, mama yako akanigusa mgongoni akasema kitu. Sikio moja lilikuwa na mnunuzi, la pili lilikuwa na injini na upepo. Akanigusa tena. Nikainua mkono wa kushoto, kiganja wazi, maana yake subiri, nina mtu hapa. Akanipiga ngumi ya mgongo. Nikainua mkono tena.

Kanga ya mabegani ilikuwa imeshaingia kwenye mnyororo. Ikamvuta akaanguka kinyumenyume, kichwa kikatangulia. Pikipiki ikalala, mimi nikaumia kiwiko. Nilipokuwa natambaa kumfuata nilikuwa bado namsikia yule mnunuzi ndani ya kofia anasema haloo, haloo, mbona kimya.

Nataka ujue nilichofanya, na kwa mpangilio wake. Kwanza nilichukua kisu nikaikata kanga, nikaitoa kwenye mnyororo, nikaichomeka ndani ya shati. Baada ya hapo ndipo nikapiga kelele za kuomba msaada. Kanga kwanza, kelele baadaye. Sikukaa nikapanga, mikono ilifanya yenyewe, lakini ni mikono yangu.

Mzee Mfaume ndiye aliyefika wa kwanza. Alikuja mbio, na mbuzi wake walikuwa wametawanyika kando ya barabara kama kawaida yao. Akawatazama, akamtazama mama yako, akaniuliza, "Mbuzi wangu?" Nikaitikia kwa kichwa. Sikutamka neno. Siku zile nilijiambia kuwa sikusema uongo kwa kuwa sikufungua mdomo.

Mama yako alikaa siku mbili hospitali. Siku ya pili, wewe ukiwa nje na shangazi yako, alifumbua macho akanijua. Akaniambia, "Nilikuambia simama." Hakuwa na hasira. Alisema kama mtu anayekukumbusha kuwa chumvi imekwisha. Nikamwambia najua, nisamehe, naye alikuwa ameshafumba macho, sijui kama alisikia. Uliponiuliza kama mama alisema neno kabla ya kufariki, nilikuambia alikutaja wewe. Nisamehe na hilo pia. Ulihitaji kitu cha kushika nikakupa cha kubuni.

Siku ya tatu ya msiba Mzee Mfaume alikuja anaburura beberu mweusi. Akasema ndiye aliyekuwa mbele ya wote pale barabarani, na yeye hawezi kumfuga tena, tumchinje kwa ajili ya hitima ya marehemu. Akachinjwa. Watu wakawa wananitazama kama nitakula. Nilikula, Riziki. Nilikula nyama ile, na wazee wakanisifu kwa moyo wa kusamehe. Miezi michache baadaye Mzee Mfaume akauza mbuzi waliobaki, mmoja mmoja, na tangu hapo hajafuga. Anaishi kwa mihogo na nazi za miti michache. Ukipita kwake utaona banda bado lipo, halina paa.

Na wewe tangu msiba ule hukumwamkia tena. Ulikuwa mtoto, nikasema itapita. Ulipokuwa kidato cha pili tulimkuta dukani, akakuita kwa jina, "Riziki, hujambo mwanangu," wewe ukageuka ukatazama mifuko ya sembe. Mzee wa watu akatoka bila kununua alichokijia. Shangazi yako alipopata habari alikuita huna adabu, nawe ulilia, na mimi niliyekuwa najua nani hana adabu katika nyumba ile niliinama nikawa nafunga kamba za viatu. Hukukosa malezi. Ulikuwa unamchukia mtu niliyekuonyesha mimi, na ulimchukia kwa sababu ulimpenda mama yako. Niliacha mapenzi hayo yamwangukie mtu asiye na kosa kwa sababu nilijua yakigeuka yataniangukia mimi, nami nilikuwa sina mwingine aliyebaki.

Hilo ndilo nililoogopa siku zote. Sikuogopa polisi wala maneno ya watu. Niliogopa siku ukinitazama mimi kama ulivyotazama ile mifuko ya sembe.

Nilipomaliza, mama wa Kariakoo hakuniambia pole. Alikohoa, akapanda tena kwenye kigoda, akateremsha kofia ya pili, inafanana na ile yako kila kitu.

"Hizi zinaongea zenyewe kwa zenyewe," akasema. "Hazihitaji simu. Wa mbele na wa nyuma."

Nikazichukua zote mbili. Bei sitakuambia, na shangazi yako nimemkataza.

Tulizijaribu wiki iliyopita ulipokuwa Kilindoni. Nilimvisha shangazi yako moja nikamketisha barazani, mimi nikavaa nyingine nikaenda mpaka kwenye mihogo. Shangazi yako akaanza kupiga kelele kana kwamba mimi niko Rufiji. Nikamwambia, "Dada, ongea taratibu, nakusikia." Akasema kwa sauti ndogo kabisa, sijawahi kumsikia akiongea hivyo, "Hamadi, unanisikia hata hivi?" Nikasema nakusikia hata hivyo. Nilikaa kule kwenye mihogo kwa muda mrefu. Alipokuja kuniangalia nilimwambia jasho limeniingia machoni, akaniacha.

Kwa hiyo zote mbili ni zako. Ya pili ni ya atakayekaa nyuma yako, awe mkulima, awe mgonjwa unayemkimbiza, awe mwenzako wa kazini. Sina mengi ya kukufundisha kuhusu barabara, nimebaki na hili moja tu. Anayekaa nyuma yako ameweka roho yake mahali usipopaona. Anaona gurudumu la nyuma, wewe huoni. Akikugusa mgongoni, kilicho mbele yako kinaweza kungoja.

Na simu. Mama alinieleza kuwa kofia hizi zikitoka dukani hupokea simu zenyewe baada ya kuita kidogo. Nilimwomba azime hiyo kwenye zote mbili. Kama ni mimi nakupigia na uko njiani, acha iite. Nitaelewa. Hapana, nisikudanganye tena, sitaelewa. Nitanuna, nitazunguka uwanja, nitamsimulia kuku. Kisha nitapiga tena, kwa maana najijua. Wewe acha iite. Ukifika, simama, zima injini, vua kofia, kunywa maji, ndipo unipigie. Nitakuwa hapa hapa barazani, sina pengine pa kwenda.

Sasa hivi wakati nakuandikia nimeinjika chai, na nilipoimimina nikakuta nimetoa vikombe viwili. Wewe hata hujaondoka, uko Miburani tu. Nimekinywa kimoja na kingine kipo hapa mezani kinapoa. Sikuambii haya ili uone huruma ukabaki. Ukibaki nitakufukuza. Nakuambia kwa sababu katika barua hii nimejiapiza kutoficha kitu, na mimi ni mpweke, Riziki, tangu siku ile mpaka leo, hata nilipokuwa nawe chumba cha pili. Mtu mwenye kitu cha kuficha anaishi peke yake hata nyumba ikijaa. Hilo nimelijua kwa kuliishi.

Boti ya Nyamisati inaondoka kesho mapema. Nimemwambia Selemani, yule bodaboda mtu mzima wa hapa kijiweni, awe nje baada ya sala ya alfajiri na pikipiki yake. Kama hutaki kukaa nyuma yangu, panda kwa Selemani, sitauliza. Nitawafuata na mizigo, na bandarini nitasimama mbali kama utataka nisimame mbali. Boti ikishaondoka nitakwenda kwa Mzee Mfaume, uwe umenisamehe au hujanisamehe. Nimeshakwenda kwake mara nyingi nikiwa nimekusudia, nikanywa kahawa yake, tukazungumza mihogo, nikarudi. Kesho nitamweleza, na ile kanga nitamwonyesha. Ninayo, iko chini ya sanduku langu, imekunjwa kwenye gazeti. Yeye akitaka kuwaeleza watu ni haki yake. Huenda baada ya kesho nitakuwa napita Baleni hii na hakuna anayeitikia salamu yangu. Nitakuwa nimepata nilichompa yeye miaka yote hii.

Lakini kama utakubali kupanda nyuma yangu, nitavaa kofia moja na wewe utavaa nyingine. Funga taya, sikiliza milio miwili. Bonyeza kitufe cha katikati mpaka kitaa kiwe cha buluu. Ncha za ushungi na za kanga zichomeke ndani, usiache hata moja nje. Simu yangu nitaiacha nyumbani, juu ya meza, karibu na kikombe chako.

Mzee Mfaume huwa anafagia uwanja wake saa hizo. Tutamkuta nje. Sikuombi umwamkie kwa ajili yangu, shikamoo ile ni yake, nilimnyang'anya mimi. Tukifika kwenye minazi, kama moyo wako utakubali, sema simama. Sema kwa sauti ya kawaida tu, wala usinipige mgongoni.

Mara moja inatosha. Nitasimama.

Baba yako,
Hamadi